Kitanzi cha Pembeni katika Mshipi wa Chini

Mshipi wa chini ni uzi mmoja wenye chubwi mwishoni na ndoana mbili, tatu au zaidi ubavuni mwake, kila ndoana ikining'inia kwa kiuzi chake kifupi. Kiuzi hicho ndicho kinachoitwa tawi katika sura hii, na uzi mrefu unaoyabeba matawi ni uzi mama. Tawi hufanya kazi mbili. Huitenga ndoana na uzi mama ili chambo kicheze peke yake ndani ya maji, na huiweka ndoana kwenye kimo kilichokusudiwa juu ya mwamba. Tawi lililofungwa vibaya hulala sambamba na uzi mama, hujizungusha humo kama mtambaazi kwenye mti, na samaki anayekuja kuchungulia hakuti chambo bali furushi la nailoni.

Zipo njia nyingi za kufunga tawi. Inayoelezwa kwa kirefu hapa ni ya kitanzi cha pembeni, yaani kitanzi kinachotokana na uzi mama wenyewe, katikati yake, bila kuukata na bila kuongeza kifaa chochote. Waingereza huuita mshipi wa namna hii paternosta, neno lililotoka katika maneno mawili ya kwanza ya sala ya Baba Yetu kwa Kilatini, kwa sababu ndoana zilizopangwa kwa nafasi ziliwakumbusha punje za rozari. Mvuvi wa Pemba au Lamu angeiona tasbihi, na asingekuwa amekosea.

Fundo hili haliwezi kueleweka bila kwanza kuielewa nailoni. Uzi wa pamba, uliotumika kwa mishipi kabla yake, una manyoya madogo madogo yanayong'ang'aniana, na fundo la kawaida la mzunguko mmoja au miwili hutosha kuushika. Nailoni ni kitu kingine. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, na kundi la wanakemia lililoongozwa na Wallace Carothers, kisha ikatangazwa hadharani mwaka 1938. Uzi wake mmoja usiosokotwa ni laini kama kioo, ni mkaidi, na hukumbuka umbo la kibao au chupa ulikozungushiwa. Hauna manyoya ya kung'ang'ania. Kinachoushika ni msuguano tu, na msuguano hupatikana kwa kuuzungusha uzi mara nyingi juu ya uzi mwenzake na kuibana mizunguko hiyo iwe kama pipa dogo. Mafundo mengi yanayofaa nailoni yana pipa la aina hiyo mahali fulani. Kitanzi cha pembeni nacho kina pipa, na kitanzi chenyewe kinatokea katikati yake, kikiwa na mizunguko sawa kulia na kushoto.

Usawa huo ndio siri ya umbo lake. Uzi mama ukivutwa na chubwi upande wa chini na mkono wa mvuvi upande wa juu, nusu mbili za pipa husukumana na kuzibana shingo za kitanzi katikati. Kwa kuwa zimebanwa kutoka pande zote mbili kwa nguvu ileile, shingo hizo hazina pa kuinamia, na kitanzi husimama wima ubavuni mwa uzi, kama mwiba kwenye tawi la mkwaju. Mizunguko ikiwa mitano upande mmoja na miwili upande mwingine, kitanzi huinama kuelekea upande dhaifu, na faida yote ya fundo hupotea.

Namna ya kulifunga

Kazi huanza kwa duara. Uzi mama hukunjwa mahali tawi linapotakiwa, pande zake mbili zikapishana, na makutano hubanwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukubwa wa duara huamua urefu wa tawi, na hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa kuwa kitanzi kinachobaki mwishoni ni kifupi kuliko inavyodhaniwa. Kitanzi chenye urefu wa sentimita 15 kina nyuzi mbili, hivyo hula sentimita 30, na pipa nalo hula yake. Duara la mzingo wa sentimita 40 hivi ndilo linalozaa tawi la sentimita 15. Nailoni nene hula zaidi.

Kutoka hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni ya kupitisha ncha: upande mmoja wa uzi huzungushwa kwenye mzingo wa duara, ukiingia ndani na kutoka nje, mpaka mizunguko sita itimie, kisha katikati ya mizunguko hiyo, mitatu huku na mitatu kule, hupanuliwa tundu kwa kidole. Njia hii ni nzuri kwa uzi mfupi uliokatwa kwa ajili ya kufungia ndoana peke yake. Kwa mshipi mrefu ambao tayari umeungwa ni adhabu, maana kila mzunguko hudai ncha nzima ipite ndani ya duara.

Njia ya pili haihitaji ncha kabisa, na kwa kazi ya chomboni ndiyo bora. Pale nyuzi zinapopishana huingizwa njiti ya kiberiti, uzi mmoja ukiwa juu ya njiti na mwingine chini yake. Njiti huzungushwa kama mtu akazaye parafujo, huku vidole vya mkono mwingine vikizishika nyuzi zisifumuke. Misokoto hujitengeneza pande zote mbili za njiti kwa wakati mmoja, na kwa hiyo haiwezi kuzidiana: mizunguko mitatu kamili ya njiti hutoa misokoto mitatu kulia na mitatu kushoto. Tundu la katikati nalo halihitaji kutafutwa, kwani ni pale pale njiti ilipo.

Idadi ya mizunguko hufuata unene wa uzi. Nailoni ya milimita 0.40 hutaka sita hadi nane kwa jumla. Ile ya milimita 0.80, inayofaa kwa chewa wadogo na changu wa mwambani, hutosheka na sita. Ikifika milimita 1 na kuendelea, minne inatosha, kwa sababu uzi mnene wenye mizunguko mingi haukazi bali hukunjamana. Kuongeza mizunguko kwa kudhani kwamba fundo litakuwa imara zaidi ni kosa linalowapata hata wazoefu.

Baada ya hapo, sehemu ya duara iliyo mkabala na misokoto huvutwa na kupenyezwa ndani ya tundu la katikati, njiti ikichomolewa. Hicho ndicho kitanzi, na hakipaswi kuachiwa. Wengi hukishika kwa meno. Ni njia ya haraka, lakini nailoni nene huchubua jino na jino huchubua nailoni, na msumari laini uliopigwa kwenye ukingo wa chombo hufanya kazi hiyohiyo bila hasara upande wowote. Mikono yote miwili sasa ni huru kuzivuta pande mbili za uzi mama.

Kabla ya kuvuta, fundo huloweshwa. Mate yanatosha, maji ya bahari yanatosha. Nailoni huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, na ingawa fundo halifiki huko, uzi mkavu unaosuguana wenyewe kwa wenyewe hupata joto la kutosha kuulainisha ngozi yake na kuupunguzia nguvu. Dalili yake ni weupe: uzi uliokuwa angavu hutoka kwenye fundo ukiwa na ukungu mweupe au vijikunjo vidogo kama ngozi iliyoungua. Uzi kama huo hukatwa. Hakuna haja ya kuujaribu.

Kuvuta kwenyewe ni polepole na kwa mkono mmoja sawa na mwenzake. Misokoto huanza ikiwa mirefu na legevu, kisha hukusanyika kuelekea katikati, kila mmoja ukikaa kando ya mwenzake. Ikipandana, mvuto husimamishwa na misokoto husogezwa kwa ukucha, kwa kuwa msokoto uliopanda juu ya mwenzake hubaki hapo mpaka siku samaki mzito atakapouteremsha kwa kishindo. Pipa likishakaa, kitanzi hutolewa msumarini na kuvutwa chenyewe kwa nguvu, mara moja. Fundo zuri halisogei. Baya hutoa mlio mdogo wa kuteleza, na ni heri litoe mlio huo pwani kuliko kwenye pima thelathini.

Vipimo

Vipimo vya zamani vya pwani vinafaa mno kwa kazi hii, kwa sababu mvuvi huvibeba mwilini: shibiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima moja, yaani takriban mita 1.8. Kanuni inayotawala ni kwamba matawi mawili jirani yasiweze kugusana hata moja likilala juu na jingine likilala chini. Matawi ya sentimita 15 yanahitaji zaidi ya sentimita 30 kati yao. Dhiraa moja, ambayo ni sentimita 45 hivi, inaacha nafasi ya kutosha kwa ndoana na chambo. Tawi la shibiri nzima hudai nafasi kubwa zaidi, na kwa kawaida halistahili usumbufu wake, kwani kadiri tawi linavyorefuka ndivyo linavyojisokota kwenye uzi mama.

Tawi la chini kabisa huwekwa kulingana na samaki anayetafutwa. Changu hula karibu na chini, na ndoana iliyo shibiri moja au moja na nusu juu ya chubwi humfikia. Ikishuka zaidi hunasa tumbawe. Tawi la juu hukutana na samaki wanaopita juu kidogo ya mwamba, kolekole wakiwamo, na ndiyo maana si kazi bure kuwa na ndoana tatu kwa vimo vitatu.

Mshipi wa ndoana tatu huhitaji uzi mwingi kuliko urefu wake wa mwisho. Vitanzi vitatu hula sentimita 120, nafasi zilizo kati yao na zile za juu na chini hula sentimita 165 au zaidi, na vitanzi vya kufungia chubwi na kuungia mshipi mkuu vina haki yao. Pima mbili ndizo za kukatwa. Anayekata pima moja na nusu hubaki hana uzi wa kuungia. Vilevile, kila kitanzi kikishafungwa hupimwa upya kabla ya kuanza kinachofuata, tangu chini kwenda juu. Kuweka alama zote tatu kwa mkupuo kabla ya kufunga hakusaidii kitu, kwa kuwa fundo la kwanza likikazwa alama nyingine zote zimeshahama.

Ndoana huingizwa bila fundo la pili. Mkunjo wa kitanzi hubanwa uwe mwembamba, hupitishwa kwenye tundu la ndoana, hufunguliwa na kuvishwa juu ya ndoana nzima, kisha huvutwa mpaka ubane shingoni. Ndoana iliyopinda au kushika kutu hubadilishwa kwa njia hiyohiyo kinyumenyume, na mshipi haukatwi. Tatizo ni ndoana zenye tundu dogo, ambazo nailoni nene iliyokunjwa mara mbili haipiti. Hapo kitanzi hufanywa kifupi, sentimita tatu tu, na tawi tofauti lenye kitanzi chake huunganishwa nacho, kitanzi kwa kitanzi. Vitanzi viwili vilivyoungwa sawasawa hushikana kama mikono miwili inayosalimiana. Kimoja kikiwa kimejivingirisha shingoni mwa mwenzake ambaye amenyooka, kitamkata.

Wako wanaokata mguu mmoja wa kitanzi karibu kabisa na pipa ili wapate tawi la uzi mmoja, lenye urefu mara mbili na linalopita kwenye tundu lolote la ndoana. Hufanya kazi kwa samaki wadogo. Kwa chewa ni kucheza bahati nasibu, kwa kuwa ncha iliyokatwa haina kinachoizuia isichomoke ila msuguano wa pipa peke yake.

Mahali pa kukatikia

Hakuna fundo lisiloupunguzia uzi nguvu, na kitanzi cha pembeni si miongoni mwa yale yanayopunguza kidogo. Uzi hupinda kwa ghafla pale shingo zinapotoka kwenye pipa, na mvuto wa samaki huja kwa ubavu, upande ambao fundo halikuundwa kuupenda. Robo ya nguvu ya uzi, au zaidi, huachwa hapo. Nailoni hunywa maji pia, na ikilowa hupungua nguvu kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Uzi ulioandikwa kilo 30 usichukuliwe kuwa mshipi wa kilo 30. Dawa ni rahisi: sehemu yenye matawi hutengenezwa kwa nailoni nene kuliko mshipi mkuu. Unene huo una faida nyingine kubwa pengine kuliko ya kwanza, kwani uzi mkaidi ndio unaolisimamisha tawi. Nailoni nyembamba na laini hutoa matawi yanayoning'inia kama nywele zilizolowa.

Lakini mshipi usiokatika kabisa nao si mshipi mzuri. Chubwi huingia kwenye nyufa za matumbawe mara nyingi kuliko samaki anavyoingia kwenye ndoana, na lisipong'oka ni lazima kitu kikatike. Mvuvi makini huchagua mwenyewe kitakachokatika. Chubwi hufungwa kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko sehemu nyingine zote, mara nyingi nusu ya nguvu ya uzi mama, ili chubwi la risasi libaki mwambani na ndoana zote tatu zirudi, pengine zikiwa na samaki. Palipo na matawi yaliyoungwa kitanzi kwa kitanzi, nayo hufanywa dhaifu kuliko uzi mama na imara kuliko uzi wa chubwi. Ni ngazi ya nguvu, upungufu wa mafundo ukishahesabiwa: mshipi mkuu, uzi mama, tawi, uzi wa chubwi. Anayeipanga ngazi hiyo vizuri hupoteza risasi tu. Asiyeipanga huacha pima kumi za nailoni zikielea mwambani, na nailoni haiozi. Kasa na ndege hunaswa humo muda mrefu baada ya mvuvi kusahau siku ile.

Risasi yenyewe inastahili neno. Inapendwa kwa sababu ni nzito mara nne hivi kuliko jiwe la ukubwa uleule, hivyo hupenya mkondo bila kusukumwa. Wakati wa bamvua, maji yanapokimbia, chubwi jepesi hubebwa, mshipi hulala kimshazari, na matawi yaliyokuwa yamesimama hubandikwa kwenye uzi mama. Wakati wa maji mafu chubwi la nusu ya uzito huo hutosha. Fundo hulaumiwa mara nyingi kwa kosa ambalo ni la chubwi. Risasi ni sumu, na Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi ndogo za risasi, zenye uzito usiozidi gramu 28.35, mwaka 1987 baada ya bata maji wengi kufa kwa kuzimeza. Anayeyeyusha risasi nyumbani afanye hivyo nje, penye upepo, na kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni.

Pale kitanzi cha pembeni kisipofaa

Uzi wa kusukwa wa polithilini, mwembamba na imara kupita nailoni, unateleza mno kwa fundo hili. Pipa lake hukaza lakini halishiki, na shingo za kitanzi zisizo na ukaidi huanguka. Anayetumia uzi huo kama mshipi mkuu huunga kipande cha nailoni mwishoni na kufunga vitanzi kwenye nailoni. Florokaboni, iliyoanza kuwa uzi wa kuvulia huko Japani mwaka 1971, hulikubali fundo, ila ni kavu na ngumu: mate yazidi, haraka ipungue.

Badala yake lipo fundo la mpasuaji, linaloitwa hivyo kwa kufanana na fundo la kushonea majeraha. Uzi wa tawi hulazwa kando ya uzi mama, nyuzi zote mbili hukunjwa pamoja kuwa duara, na ncha zote mbili hupitishwa ndani ya duara hilo mara mbili au tatu kabla ya kukazwa. Hufungika gizani, kwa mikono iliyokufa ganzi, na ni imara. Kasoro yake ni kwamba tawi hutoka likielekea juu au chini, haliko wima ubavuni. Wavuvi wa trauti, ambao hufunga nzi wa bandia wawili au watatu kwenye uzi mmoja, hawaijali kasoro hiyo, kwa kuwa kwenye mito myembamba kama ile ya Aberdare, Kenya, walikopandikizwa samaki hao mwaka 1905, maji hukinyoosha kila kitu kuelekea upande mmoja. Pete tatu za kuzunguka nazo hufanya kazi ya tawi bila fundo la pembeni hata moja na hupunguza msokoto. Zinagharimu fedha, na mwamba hauzirudishi.

Papa na nguru hawamo katika hesabu hizi. Meno yao hukata nailoni ya unene wowote unaofungika, na kwao tawi ni la waya.

Mshipi unapokatika, ncha iliyorudi husomwa kabla ya kutupwa. Ncha iliyojisokota kama mkia wa nguruwe ni ya fundo lililoteleza: mizunguko ilikuwa michache au haikukazwa. Ncha iliyokatika kwa usafi palepale pipa lilipokuwa ni ya uzi uliozidiwa kwenye fundo, na pengine ulifungwa mkavu. Ncha yenye mikwaruzo, iliyochubuka kwa urefu wa nyanda kadhaa, ni ya tumbawe, na fundo halina hatia. Ncha bapa yenye alama za kutafunwa mara nyingi ni ya kikande.

Kitanzi kilichowahi kuvutwa na samaki mzito hakitumiki tena hata kikionekana kizima, kwa kuwa shingo zake zimekwisha kunyooka na kupungua unene ndani ya pipa, mahali ambapo jicho halifiki. Na kwa kuwa pipa lililokazwa kiasi hicho halifunguki, mshipi hukatwa juu ya fundo na kufungwa mwingine.